Gego la mwisho limekwama: maswali ya wasomaji

Tulipowaomba wasomaji maswali ya meno, mengi yaliyoletwa yalihusu jino moja tu: lile la nyuma kabisa, ambalo wengi mnaliita jino la akili. Tumechagua saba. Majibu ni ya madaktari wa meno wa safu hii.

Linauma, linatulia, linarudi

*Musawo, mimi ni wa bodaboda hapa Arua, miaka 22. Tangu mwaka jana nyuma kabisa ya taya la chini, kulia, panauma siku nne tano hivi. Ufizi unavimba, mdomo unanuka. Nanunua Flagyl na amoksilini duka la dawa, panatulia. Mwezi au miwili haipiti, tena yaleyale. Je, mwili wangu umezoea dawa?*

Ndugu yetu, huenda mwili haujazoea chochote. Dawa inafanya kazi yake, ila chanzo hakijaguswa.

Kwa umri wako na mahali unapopataja, tunashuku gego la mwisho lililotoka nusu. Magego haya huota kati ya miaka 17 na 25, wakati nafasi kwenye taya imeshachukuliwa na mengine. Likikosa pa kutokea linabaki limeinama, mara nyingi likimlalia jirani yake wa mbele, na kona moja tu ya kichwa chake ndiyo inachungulia. Kwingine kote limefunikwa na ufizi. Chini ya kifuniko hicho kuna uwazi mwembamba ambao mswaki haufiki. Ganda la mahindi ya kuchoma, karanga iliyosagika, uzi wa nyama, vyote vinaingia humo na kuoza, na bakteria wasiohitaji hewa wanazaliana. Ufizi unavimba na kuinuka. Kwa kuwa umeinuka, gego la juu linaushukia kila unapotafuna, linaujeruhi, nao unazidi kuvimba.

Antibayotiki hupunguza bakteria, lakini uwazi na uchafu wake vinabaki palepale. Ni kufukuza nzi huku ganda la embe liko bado mezani. Na ukinunua vidonge vinne vitano kwenye kikaratasi, hata hao bakteria hujawamaliza.

Jichunguze hivi. Nawa mikono, simama penye jua mbele ya kioo au mtu akumulikie kwa simu, vuta shavu pembeni kwa kidole. Hesabu kuanzia katikati ya meno ya mbele ukielekea nyuma: mawili ya mbele, chonge moja, magego madogo mawili, kisha magego makubwa. Kama hujawahi kung'olewa jino upande huo, gego la mwisho ni la nane. Ukihesabu saba, halafu nyuma yake ukaona ufizi mwekundu ulioinuka na kona nyeupe ikichungulia, ndilo hilo. Bonyeza ufizi polepole. Ukitoa usaha au majimaji yenye ladha mbaya, maambukizi yapo sasa hivi. Tazama pia kama ufizi una alama ya kung'atwa na gego la juu.

Likianza tena kuuma, kazi ya kwanza ni kusafisha chini ya kifuniko. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa, yakiwa vuguvugu. Vuta kwenye sirinji mpya ya mililita 10 isiyo na sindano, inama juu ya beseni, elekeza ncha ukingoni mwa ufizi na usukume maji yaingie chini yake. Mara ya kwanza yatatoka na uchafu na harufu. Hiyo ni dalili nzuri. Rudia baada ya kila mlo. Usiache kupiga mswaki hapo kwa sababu panauma. Tumia mswaki wa mtoto, kichwa chake kidogo kinafika. Kwa maumivu, mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala pumu anaweza kunywa ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, kila saa 8. Asiyeweza hiyo anywe paracetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Msibandike aspirini kwenye ufizi: ni tindikali, inaunguza nyama mpaka inageuka nyeupe, na kidonda chake kinauma kuliko jino.

Antibayotiki ina siku yake: ukiwa na homa, tezi chini ya taya zimevimba, uso umevimba, au mdomo haufunguki. Hapo huandikwa metronidazoli (ndiyo hiyo Flagyl) miligramu 400 kila saa 8, kwa kawaida siku 3 hadi 5, na daktari akiona haja anaongeza amoksilini. Ukiwa kwenye metronidazoli acha waragi na bia, na uendelee kuacha siku 2 baada ya kumaliza.

Wewe umeshashikwa zaidi ya mara mbili, kwa hiyo ushauri wetu ni kuliondoa. Usiende likiwa limewaka, labda hali iwe ya hatari: penye usaha tindikali inaizuia ganzi isishike vizuri, na utasikia kila kitu. Linapoozwa kwanza, unapewa tarehe. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana tarehe inafika siku ambayo hakuna kinachouma. Nenda. Wakati mwingine daktari atakuambia gego la juu ndilo linaloung'ata ufizi na halina kazi, akalitoa hilo tu na ukapata nafuu. Kukata kifuniko cha ufizi peke yake hatukupendi sana, kwa sababu mara nyingi kinaota tena.

Kituo cha afya cha ngazi ya nne kwa kawaida kina afisa wa meno. Anaweza kukusafisha na kukupima, lakini gego lililoinama linahitaji upasuaji mdogo, yaani hospitali ya rufaa hapo Arua. Mtu akikushikia koleo kwenye gego lililofichika nusu bila kuona picha ya eksirei, funga mdomo uondoke. Kichwa cha jino hukatika, mizizi ikabaki ndani, na kazi iliyokuwa ya nusu saa inakuwa ya saa mbili kwa mtu mwingine.

Sikio linauma, sikio ni zima

*Nafanya biashara Kikuubo, Kampala. Miezi miwili sikio la kushoto linaniuma hasa jioni. Nimetiwa dawa ya matone mara mbili. Daktari wa masikio amesema ndani ni safi. Ana miaka 27 mwenye kuuliza.*

Mshipa wa fahamu unaohudumia meno ya chini una tawi linalopita mbele ya sikio, na ubongo hukosea kujua maumivu yametoka wapi. Gonga magego ya nyuma moja moja kwa mpini wa kijiko, kunywa maji baridi upande huo, kisha bonyeza ufizi wa nyuma kabisa. Kinachokufanya ushtuke ndicho cha kumwonyesha daktari wa meno. Kama hakuna kinachoshtuka, lakini kiungo cha taya mbele ya sikio kinalia unapopiga miayo na unaamka asubuhi taya limechoka, yawezekana unasaga meno usingizini. Hilo halihusiani na gego, na kung'oa hakutasaidia.

Foleni ya Malaba

*Naendesha lori, siku ya tatu nipo foleni Malaba. Gego la nyuma kushoto lilianza wiki iliyopita. Sasa shavu limevimba hadi chini ya taya, mdomo haufunguki vizuri, kumeza mate ni shida. Naweza kusubiri mpaka nishushe mzigo Kampala?*

Huyu tulimjibu kwa simu siku ileile: hapana, mwachie turniboi lori uende sasa. Tunachapisha swali lake kwa sababu watu huuchukulia uvimbe huu kuwa ni jino tu.

Mizizi ya magego mawili ya mwisho ya chini hushuka chini zaidi ya mahali ambapo msuli wa sakafu ya kinywa umejishikiza kwenye mfupa. Usaha wa meno ya mbele zaidi mara nyingi hutokea kinywani na kumwagika. Usaha wa haya mawili una njia nyingine: unatoboa mfupa chini ya msuli huo na kuingia shingoni, mahali palipo na nafasi tele ya kutambaa. Ukifika chini ya ulimi pande zote mbili, ulimi unainuliwa na kusukumwa nyuma, na njia ya hewa inazibwa. Hii inaweza kutokea ndani ya saa chache.

Kipimo cha mdomo ni vidole vyako. Simamisha vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Mtu mzima asiye na tatizo huviingiza vyote vitatu. Vikiingia viwili kwa shida, uvimbe umeshafika kwenye misuli ya kutafuna. Kikiingia kimoja, hiyo ni hospitali leo.

Usisubiri kukuche ukiona mojawapo ya haya: mate yanakutoka kwa sababu humezi, sauti imekuwa nzito isiyotamka vizuri, sakafu ya kinywa chini ya ulimi imekuwa ngumu, uvimbe umevuka kwenda shingoni, huwezi kulala chali ila ukae, au una homa kali na kutetemeka. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji na oksijeni, si kliniki ya barabarani. Kwa aliyeko Malaba, Tororo ni karibu na rufaa ni Mbale. Huko utapewa dawa kwa mshipa, usaha utatobolewa utoke, na jino lililoleta yote litatolewa. Mwenye kisukari au mwenye kinga iliyoshuka aende mapema zaidi ya mwingine yeyote. Na usikande shavu kwa nje kwa maji ya moto; joto linaweza kuuvuta usaha uelekee kwenye ngozi.

Hana maumivu, lakini wanataka kuyang'oa yote manne

*Asalaam aleikum. Naandika kutoka Bombo. Binti yangu ana miaka 19. Tulikwenda kliniki moja kusafisha meno, akapigwa picha, tukaambiwa magego manne ya mwisho yamelala na yote yatolewe, la sivyo yatasukuma meno ya mbele yapishane. Yeye hasikii lolote. Pia nimesikia mtu akifanyiwa hivyo mdomo unapinda. Nishike lipi?*

Waaleikum salaam, mama. Kulala kwa gego si ugonjwa. Huko Uingereza mwongozo wa huduma ya afya ya umma tangu mwaka 2000 unasema magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasitolewe, kwa kuwa hatari za upasuaji zipo na faida haijaonekana. Wako madaktari, hasa Marekani, wanaopendelea kuyatoa mapema kwa sababu mizizi ya kijana haijakomaa, mfupa wake ni laini na kidonda hupona upesi kuliko cha mtu wa miaka 35. Hoja yao ina uzito pale dalili za shida zinapoanza. Kwa manne yote kwa mpigo, kwa binti asiye na dalili, sisi hatujashawishika.

Habari ya kusukuma meno ya mbele iache kabisa. Meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyosogea hata kwa watu ambao hawakuota magego ya mwisho maishani mwao.

Rudi na picha uulize kila gego peke yake. Lililozama lote ndani ya mfupa bila kugusana na kinywa linaweza kuachwa na kupigwa picha tena baada ya miaka kadhaa. La kuogopa ni lililoinama mbele huku limetoka nusu, hata kama haliumi. Kati yake na gego la saba kuna pembe inayokamata chakula, na ubavu wa nyuma wa la saba huanza kuoza chini ya mstari wa ufizi, mahali ambapo kioo hakionyeshi. Dalili ya kwanza ni kushtuka kwa soda baridi au chai yenye sukari. Wengi hupuuza. Wakija, tundu limeshafika kwenye kiini, na jino zuri linakwenda pamoja na baya. Muulize daktari swali hili hasa: ubavu wa nyuma wa la saba ukoje, na mfupa uliopo kati ya mawili hayo umeshuka au la?

Kuhusu mdomo: unaoupinda uso ni mshipa mwingine, na ukiguswa na ganzi kwa bahati mbaya hurudi baada ya saa chache. Hatari ya kweli ni ganzi ya mdomo wa chini na kidevu, au ya ulimi, kwa sababu mshipa wa fahamu wa taya la chini hupita karibu na mizizi. Kwa watu wachache hutokea na kuisha katika wiki au miezi. Kubaki daima ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Picha ikionyesha mzizi umekalia njia ya mshipa, daktari anaweza kukata kichwa cha jino tu na kuiacha mizizi. Asipoutaja mshipa kabla ya kuomba sahihi yako, utaje wewe. Na cheti cha Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, pamoja na leseni ya mwaka huu, vinapaswa kuwa ukutani. Kuvisoma si utovu wa adabu.

Uvimbe usiouma

*Jinja. Nina miaka 33. Nyuma ya taya la chini pamenenepa polepole, labda mwaka. Hakuumi kitu. Gego la mwisho upande huo halikuwahi kuota.*

Hili ndilo linalotutia wasiwasi kuliko mengine kwenye ukurasa huu, na ndilo ambalo watu hawaendi nalo hospitali. Gego lililobaki ndani ya mfupa limezungukwa na kifuko, na kifuko hicho kinaweza kujaa maji na kulitanua taya taratibu bila maumivu yoyote. Uvimbe mwingine wa taya, ambao si saratani lakini unakula mfupa, hupenda mahali hapohapo. Macho hayawezi kuutofautisha. Nenda upigwe picha ya taya zima, na kama kuna kivuli, kipande kidogo kichukuliwe kipimwe. Meno ya hapo yakianza kulegea au mdomo wa chini ukafa ganzi bila sababu, usingoje hata wiki. Mtu asikutoboe kwa sindano eti atoe usaha. Mwaka mzima bila maumivu si tabia ya usaha.

Mjamzito

*Nipo Kasese, mimba ya miezi mitano, gego limevimba. Naambiwa ningoje nijifungue.*

Si lazima kungoja, dada. Mwezi wa nne hadi wa sita ndio wakati mzuri wa matibabu ya meno. Sindano ya ganzi ya lidokeini inaruhusiwa, picha moja ndogo ya jino inaruhusiwa kama inahitajika, amoksilini vilevile. Kwa maumivu tumia paracetamoli, uache ibuprofeni na diklofenaki. Osha chini ya ufizi kwa sirinji kama tulivyomwelekeza wa Arua. Kwa wengi hilo linatosha kuwafikisha salama, na upasuaji ukafanywa baadaye. Lakini homa na mdomo usiofunguka havingoji mimba. Mwambie daktari wa meno umri wa mimba kabla hujakaa kwenye kiti.

Limeng'olewa, sasa linauma kuliko mwanzo

*Jambo daktari. Niko Nakivale. Waling'oa gego la chini siku nne zilizopita. Siku mbili za kwanza sawa, sasa maumivu yanapanda mpaka sikioni, na harufu mbaya. Waliacha kitu ndani?*

Inawezekana, lakini siku ulizotaja zinaelekeza kwingine. Uvimbe na maumivu ya kawaida hufikia kilele siku ya 2 au ya 3, halafu hushuka. Yanayopanda kuanzia siku ya 3 au ya 4, yakipwita hadi sikioni, mara nyingi ni shimo lililopoteza damu iliyoganda. Damu ile ndiyo inayoufunika mfupa. Tazama: shimo likiwa tupu na chini yake kuna kitu cha kijivu au cheupe kisicho na nyama, huo ni mfupa uko wazi. Husababishwa na sigara, kusukutua kwa nguvu siku ya kwanza, kunywa kwa mrija, au kung'oa kulikokuwa kugumu. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango hupata zaidi.

Rudi kwa aliyekung'oa. Ataosha shimo kwa maji ya chumvi na kuweka dawa yenye mafuta ya karafuu, na kwa wengi maumivu yanapungua siku hiyohiyo. Huenda akaibadilisha kila siku 2 au 3. Bila homa wala usaha, antibayotiki haina kazi hapo. Usijaze pamba mwenyewe. Inashikana na kidonda na kuoza humo. Kula matoke yaliyopondwa, uji usio moto, mtindi, tafuna upande mwingine, na baada ya kila mlo mwaga maji ya chumvi kinywani polepole bila kuyasukutua. Shimo huanza kufunikwa nyama baada ya siku 7 hadi 10. Ukiona usaha, homa, au mdomo unazidi kufunga, Mbarara kuna hospitali ya rufaa. Omba barua kituoni uende.